Brashi ya Mhandisi

Mwanangu anauza rangi za nyumba. Anachanganya, anafunga kopo, anampa mteja, basi. Lakini tangu siku aliyobadilisha soketi ya jikoni na asife, anajiona fundi wa mafundi. Nikampa jina la Mhandisi kwa kumsuta, naye bila haya akalipokea kama sifa. Huyo ndiye aliyeamua kwamba paka wangu ataokolewa na brashi.

Paka wangu anaitwa Karani, kwa sababu hawezi kuona karatasi asiikalie. Tunaishi kwa mwanangu, mimi na Karani chumba cha nyuma, yeye na mkewe kwingine kote. Mjukuu wangu, binti yao wa pekee, kifua chake kibovu. Kila akiamka usingizi wa mchana kinapiga filimbi, mpaka unatamani umpumulie wewe. Walimpeleka kwa daktari, naye akasema ni vumbi, ni manyoya, ni chochote kinachokaa kwenye vitambaa, mkakague nyumba nzima. Maneno yote hayo, na wao wakarudi na neno moja tu: paka.

"Mama, usikasirike," mkamwana akaniambia, huku akiurusha msuko wake nyuma. Mkamwana wangu huyu anapenda nywele za kununua, zinamfika kiunoni. "Hatusemi atupwe. Atakwenda kwa binamu ya mume wangu, kule kwenye bustani yake. Kuna panya wengi."

"Karani hajui panya. Tangu aokotwe anakula kwenye sahani."

"Atazoea, Mama."

Atazoea! Nilimtazama nikaona sina hata tusi linalomtosha. Marehemu mume wangu aliniachia vitu viwili vyenye joto, paka na godoro. Paka alimwokota mwenyewe mtaroni, akamleta nyumbani ndani ya kofia. Godoro ni la sufi, tulilishindilia pamoja tulipooana, na upande wake kuna shimo la mwili wake mpaka leo. Wenyewe huku mbele wanalala kwenye sponji, kama mikate dukani, na nimewacheka miaka yote.

Mjukuu ndiye anayejua raha ya godoro langu. Kila mchana anakuja, anajitumbukiza kwenye shimo la babu yake, analala. Namwita mke mwenzangu. "Mke mwenza, umeniibia mume," namwambia, naye anacheka mpaka anakohoa.

Basi Mhandisi akatoa hukumu. Kochi ndilo limejaa manyoya. Mashine yetu ya kufyonza vumbi inapita juujuu tu, inahitaji brashi ndogo inayozunguka, ile yenye mota, iyachimbue. Kochi likisafishwa na mtoto akapata nafuu, Karani atabaki. Nafuu isipoonekana mpaka Jumamosi, binamu atakuja na gari amchukue.

"Nakuja dukani," nikamwambia.

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Ndiyo maana nakuja."

Muuzaji alikuwa mwanamke mpole, kazungukwa na mabomba na mabrashi mpaka shingoni. Akamuuliza Mhandisi swali moja tu: "Yenu ni ya umeme au ya upepo?"

Mhandisi akacheka hadi wateja wakageuka. "Dada yangu, mashine ya upepo umeiona wapi? Naichomeka ukutani mimi mwenyewe! Ya umeme!"

Yule dada akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Wanasema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na sikutaka kutambulikana, nikaangalia dari.

Tukafika nyumbani na brashi ya umeme. Nzuri, ndogo, inaenea kiganjani, na nyuma ina vijino viwili vya shaba. Mhandisi akaichomeka kwenye bomba. Akaizungusha, akaipuliza, akaigongagonga gotini. Mashine ikanguruma, brashi ikatulia kimya. Vijino vile vilikuwa vinatafuta tundu la kuingia, na bomba letu ni plastiki tupu, halina hata alama ya tundu.

"Mashine imechoka," akasema Mhandisi.

Mkamwana akaokota boksi, akasoma. "Imeandikwa hapa, baba watoto. Brashi ya umeme inataka bomba lenye nyaya ndani. Bomba kama letu linatumia ya upepo, ile inayozungushwa na hewa inayovutwa."

"Kumbe!" nikasema. "Kumbe mashine ya upepo ipo! Imeonekana wapi, Mhandisi? Imeonekana sebuleni kwako!"

Akarudi dukani peke yake. Alivyosimulia mwenyewe, muuzaji alimwuliza umri wa mashine, akamwambia ya upepo nayo haitamfaa. Pumzi ya mashine yetu ni ndogo, brashi ikigusa kitambaa kizito itasimama. Akampa aina ya tatu, yenye mota yake na betri yake humohumo. Unaichaji, unaipachika, inazunguka yenyewe bila kumtegemea mtu. Niliishika mkononi nikasema laiti ningezaa kitu kama hiki.

Kazi ikaanza. Mhandisi akaikandamiza kwenye kochi kama anayepiga pasi suruali ya jinzi. Brashi ikasimama, ikawasha taa nyekundu.

"Mbovu," akasema.

"Usiikandamize," mkamwana akamwambia. "Ipitishe tu."

Akaipitisha, ikaenda, kisha ikasimama tena. Akaigeuza juu chini. Gurudumu lake lilikuwa limeviringwa na nyuzi ndefu nyeusi, tabaka juu ya tabaka. Mhandisi akainua kidole. Hotuba yake nadhani aliiandaa tangu dukani.

"Mmeona? Mama, umeona mwenyewe? Paka!"

"Baba," nikamwambia, "Karani ni mweupe pe."

Mhandisi akazitazama zile nyuzi, akautazama msuko wa mkewe, akaishusha brashi polepole. Nikaenda kuleta mkasi. Nikazikata, nikazikunja vizuri, nikamwekea mkamwana kiganjani. "Shika mali yako." Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Manyoya meupe yalikuwemo pia kwenye kopo la vumbi, sisemi uongo, tena si haba, lakini siku ile nani angeyatazama?

Kuanzia hapo nikawa napita nimeinua kidevu. Mkamwana akikaa kochini, nampungia mkasi. Mhandisi akifungua mdomo, namuuliza ni wa umeme au wa upepo. Kochi likang'aa kweli. Ila mtoto, kila akiamka mchana, filimbi ni ileile. Ijumaa Mhandisi akaleta boksi la katoni, akaanza kulitoboa matundu ya hewa kwa drili. Drili, kwenye katoni! Huyo ndiye mtoto niliyembeba tumboni.

Hasira ikanipanda. Nikaichukua ile brashi, nikaburuta mashine hadi chumbani kwangu, nikamwita mkamwana.

"Njoo uone kitanda cha mtu msafi! Karani analala miguuni pangu kila usiku. Kama mchafu ni yeye, basi uchafu utaonekana hapa. Njoo!"

Akaja, akasimama mlangoni. Nikatandua shuka, nikawasha. Mkono wangu mwepesi, sikuikandamiza. Niliipitisha upande wangu, nikaingia upande wa mzee, nikashuka ndani ya shimo. Brashi ikaimba. Kopo la mashine ni la plastiki, unaona ndani, na nikaona linabadilika rangi. Si manyoya. Manyoya yalikuwa mawili matatu. Ni vumbi, la kijivu, laini kama unga, linapanda na kupanda. Nikazima, nikalimwaga, nikarudia palepale. Likajaa tena. Nikarudia. Sufi ilikuwa imeoza ndani kwa uzee, inatoka kwenye kitambaa, na hapo ndipo mke mwenzangu alipokuwa akilaza uso wake kila mchana.

Nikamsubiri mkamwana acheke. Ilikuwa zamu yake. Angecheka ningemchukia, na mambo yangekuwa mepesi. Hakucheka. Alikuja, akalitoa kopo mikononi mwangu.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "mimi sijaona kitu. Mtoto atalala kwetu mchana, na godoro la baba litabaki hapa."

"Na Karani?"

Akainamisha kichwa. Mumewe amekwisha kumwita binamu, boksi limekwisha kutobolewa. Bila kuonyesha kopo hili, paka anaondoka.

Nilimwambia aliache kopo. Usiku ule nililala upande wa mzee, ndani ya shimo, jambo ambalo sijalifanya tangu afe. Nililia kwa uchungu, kisha nikapiga chafya.

Jumamosi binamu akaegesha gari mlangoni. Mhandisi akaweka boksi sakafuni, akaanza kumwita Karani kwa sauti ya mchezo wa kuigiza. Hakukuwa na haja. Karani alipoona katoni, alikuja mwenyewe mbio, akajitumbukiza ndani, akakaa. Ni karatasi, na yeye ni karani. Mjukuu wangu akashika ukingo wa boksi kwa mikono miwili, hataki kuachia.

"Mtoe," nikasema.

"Mama, tulikubaliana."

"Mtoe, nimesema. Binamu, gari lako lina nafasi ya godoro?"

Mhandisi akanyanyuka. "Godoro? Godoro la baba?"

"Unalijua jingine?" Nikamwekea kopo mbele yake, limejaa mpaka shingoni. "Hili ni la jana, baada ya kumwagwa mara kadhaa. Hapo ndipo mwanao anapolala."

Akalitazama. Nikasubiri maelezo ya kitaalamu. Aliingia chumbani, akashika ncha moja, binamu akashika nyingine. Walipolikunja lilitoa vumbi hadi wote wawili wakakohoa. Nikawaambia waangalie mlango wasilichane, kisha nikakumbuka linakwenda kutupwa. Mkamwana alinishika mkono, nami sikuuondoa.

Sasa nalala kwenye sponji, nami ni mkate kama wao. Siku ya kwanza mjukuu alikuja mchana, akapanda, akapapasa huku na huku.

"Bibi, upande wa babu uko wapi?"

"Popote, mke mwenzangu. Lala tu."

Akalala, Karani miguuni pake. Alipoamka niliweka sikio kifuani pake, nikasikiliza sana. Hakukuwa na filimbi, alikuwa anapumua tu. Akaruka chini, akakimbilia kwa mama yake.

Nikaichukua brashi ya Mhandisi nikaipitisha pale alipolala. Haikupata kitu. Sponji lilikuwa limekwisha kuinuka lenyewe, tambarare, huwezi kujua kama kuna mtu aliyewahi kulala hapo.