Mlango wa Tisa

Ilimchukua Masengo wiki tatu kusoma mstari mmoja wa Kifaransa, na kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa la kidole gumba cha Guylain.

Mstari huo ulitokea kwenye televisheni ya Ismaeli kila mara kabla ya Mlango wa Tisa wa mchezo wa vita, maandishi meupe juu ya giza, na kila mara Guylain alibonyeza ukapotea kabla haujakaa vizuri. Masengo alikuwa nje, kwenye barza, anakaanga vitumbua juu ya mbabula, jiko lake la makaa, chini ya dirisha lililo wazi. Shule aliiachia darasa la sita. Kusoma anajua, lakini anasoma kama mtu anayevuka mto juu ya gogo, mguu mmoja kwanza, halafu wa pili. Siku mbili za mwanzo alipata *Tenez*. Siku ya nne akapata *la porte*. Kila alichokipata alikiandika ukutani kwa kipande cha makaa, nyuma ya beseni, mahali ambapo macho ya wateja hayafiki.

Neno *arrivée*, kufika, halikumsumbua. Kamina nzima inalijua, limeandikwa kule gare penye ubao wa treni, na Kamina nzima inajua pia kwamba si neno la kuamini haraka. La mwisho, *vaisseau*, ilibidi aulize.

"Jessé, *vaisseau* njo nini?"

Kumuuliza Jessé juu ya mchezo ule ni kufungua bomba lililovunjika koki. Alikuwa kijana mrefu aliyeanza masomo ya ualimu akayaacha njiani, na mfukoni, ndani ya kiberiti, alitembea na askari watatu wa plastiki, wadogo kama kidole cha mtoto mchanga, aliowapaka rangi ya kucha ya dada yake.

"*Vaisseau* iko merikebu, lakini ya kupita kati ya nyota. Sikiliza, Masengo. Huu muchezo haukuanzia mu televizioni. Ulianzia juu ya meza! Kule Poto, kwa Bazungu, miaka na miaka, bantu banakusanyika, banapanga baaskari badogo sawa hawa, banatupa dadu, banapima na metre hatua ya kila mumoja. Kuko bitabu, kuko ramani, kuko biapo..."

"Bantu bakubwa?"

"Bakubwa. Bengine bako na mvi."

Masengo aligeuza vitumbua vyake. "Na bibi zabo banasema nini?"

Jessé alifikiri. Katika yote aliyowahi kusoma, hakuna mahali palipotaja jambo hilo.

Hapo kwa Ismaeli mchezo uliitwa Bachuma, kwa sababu askari wake wamevaa chuma toka kichwani hadi vidole vya miguu, hata unajiuliza wanajikuna namna gani. Bachuma wanapigana na wadudu wakubwa kama mbuzi, wanaotoka ardhini kwa maelfu. Guylain, dereva wa pikipiki asiyepunguza mwendo hata mbele ya msiba, alikuwa ameipita milango minane. Wa tisa ulimshinda miezi minane. Ni ukumbi wa mviringo. Nyuma yako kuna lango kubwa, mbele yako matundu manane ya wadudu, na kwa mbali, ndani ya tundu refu, anakaa malkia wao, mnene kama lori. Guylain alimkimbilia malkia kila siku huku akipiga kelele. Kila siku, akiwa bado njiani, lango lilianguka nyuma yake, na televisheni ikaandika kwa wekundu neno ambalo Masengo alilizoea tangu darasa la tatu: *Échec*, umeshindwa.

Ismaeli mwenyewe, mwenye chumba na mwenye mashine ya mchezo, babu zake walifika Kamina kutoka Kasongo na marobota ya vitambaa, na yeye akaongeza kandambili. Siku alipoleta Bachuma aliapa mbele ya wote: "Wallahi, muntu atapita Mulango ya Tisa ataomba kintu kimoja cha hii nyumba, na sitamunyima." Akaandika hivyo kwa chaki mlangoni. Guylain alikwisha kuchagua. Alitaka kiti chekundu cha mito anachokalia Ismaeli, na alikuwa amekipima kama kitaingia nyuma ya pikipiki.

Sasa mashine ilikuwa na ugonjwa. Kila ikifika nusu saa ilianza kuhema, ikavuma kama nzi ndani ya chupa, halafu ikazimika. Fundi wa Lubumbashi aliuliza kwa simu kama karibu na mashine kuna moshi wa mafuta. Ismaeli aligeuka akatazama dirisha.

Jumatano alitoka barzani akisugua viganja.

"Masengo, mutoto yangu. Weye iko muntu muzuri. Lakini siku ya mposho, Jumamosi, hii mbabula itoke."

"Itoke iende wapi, Papa Ismaeli?"

"Pale ng'ambo."

Ng'ambo hapakuwa na paa. Pikipiki zote za soko ziligeukia pale, na kitumbua kikilala pale dakika tano kinakuwa na mchanga wa kupiga plasta. Wateja wake walikuwa hawa hawa wachezaji, wanaonunua bila kuondoa macho kwenye vita. Na zaidi, pale ng'ambo hapakuwa na dirisha. Miezi minane ameiangalia vita hii, ahamishwe kabla haijaisha?

Masengo hakubishana. Kulikuwa na jambo alilolijua na asingeweza kulisema. Juu ya mashine kulilala kitambaa cheupe cha maua, alichokifuma kwa mkono Mama Djamila, mke wa Ismaeli. Kiliifunika mashine mbele, nyuma na ubavuni, hata ilionekana kama bibi harusi aliyefichwa. Joto lake lingetokea wapi? Lakini mara moja tu Guylain alikitoa, akafukuzwa mwezi mzima, na Mama Djamila hajapokea salamu yake hadi leo. Kwenda kumwambia mwenye nyumba kwamba mkono wa mke wake ndio unaoua mashine, hiyo si kazi ya muuza vitumbua.

Jumamosi alifika mapema. Aliiweka mbabula chini kabisa ya dirisha, akaitia magunzi mabichi, na moshi ukaingia chumbani kama mgeni anayejua njia. Halafu akanawa mikono kwa sabuni, akaingia.

"Niko nataka kucheza."

Chumba kizima kilicheka. "Masengo," akasema Guylain, "bale badudu habageuzake na kijiti!"

"Muache," akasema Ismaeli kutoka kwenye kiti chekundu, akifuta macho kwa ajili ya moshi. "Leo njo siku yake ya mwisho."

Masengo alikaa. Akaipokea manette, kile kishikio chenye vitufe, kwa mikono miwili, akaigeuza. "Mikono yangu haimalizake mafuta. Itaponyoka." Na kabla mtu hajavuta pumzi, alinyoosha mkono, akakiondoa kile kitambaa juu ya mashine na kukitandika magotini mwake.

Ismaeli aliangalia mlango wa barabarani.

"Djamila iko ku soko," alisema kwa sauti ya mtu anayeomba dua. "Cheza mbio."

Mchezo unakupa roho tatu. Kwa roho ya kwanza, askari wa Masengo aliangalia dari. Aliendelea kuangalia dari.

"Iko natafuta nini kule juu?" akauliza Guylain.

"Iko naangalia kama mabati inavuja," akajibu mmoja kutoka nyuma, na askari akaliwa huku shingo yake bado iko juu.

Kwa roho ya pili aliingia ukutani, akabaki anatembea palepale, kama mbuzi aliyefungiwa nje ya jiko, hadi wadudu wakammaliza. Guylain alicheka mpaka akakaa chini. Masengo yeye alikuwa anapanga kichwani: kidole cha kushoto kwa miguu, cha kulia kwa macho. Vitumbua navyo havikuanza kuwa duara siku ya kwanza.

Kabla ya roho ya tatu, ule mstari ukatokea. Kidole cha Guylain kilicheza chenyewe hewani. Cha Masengo kilitulia. Kwa mara ya kwanza aliusoma wote kwa mkupuo mmoja, kwa midomo, bila sauti: *Tenez la porte jusqu'à l'arrivée du vaisseau.* Shikeni mlango hadi merikebu ifike. Basi. Mambo ya malkia hayakuwamo.

Nkambo wake, mama wa mama yake, kule kijijini, hakuwa anakimbilia kichuguu na jembe. Siku ya nswa, wale kumbikumbi wa mvua ya kwanza, alikaa chini, akaziba matundu yote kwa udongo na majani, akaacha moja. Mbele ya hilo moja alichimba shimo. Halafu alipigapiga ardhi kwa vijiti viwili, tak, tak, tak, na nswa wakadhani ni mvua, wakatoka wenyewe kwa mstari, wanene, hadi shimoni.

Kila tundu la ukumbi ule lilikuwa na mfuniko wa chuma na mkono wa kuvuta. Miezi minane Masengo alikuwa anaiona ile mikono, na miezi minane hakuna aliyeigusa. Alivuta wa kwanza. Mfuniko ukaanguka, gba!

"Unafanya nini?" Jessé alisimama. "Bachuma habafungake mulango mbele ya adui! Balikula kiapo!"

"Minyi sikula," akasema Masengo, akavuta wa pili.

Aliziba saba. Pembeni ya la nane alisimamisha askari wake, ubavuni, siyo mbele, akashika bunduki ya moto, na kwa kitako chake akaanza kugonga sakafu. Tak. Tak. Tak.

Walikuja. Walikuja mmoja mmoja, kwa sababu tundu moja halipitishi wawili, na kila aliyetoa kichwa alikutana na moto. Kisha mtu akameza mate.

"Ona ule," akanong'ona Guylain. "Ule wa mafuta."

"Na chumvi kidogo tu," akasema wa nyuma.

"Na bukari ya moto," akasema mwingine, kama vile ugali umekwisha kusongwa.

Ndipo malkia akaonekana mbali mwisho wa tundu, akitikisa tumbo. Chumba kizima kiliruka. "Enda! Mupige! Endaaa!"

"Mama ya nswa habamuuake," akasema Masengo. "Mwaka yenye kuya mutakula nini? Na zaidi, habakututuma kule. Balisema tushike mulango."

"Nani alisema?"

"Iliandikwa."

"Wapi?" akafoka Guylain.

"Pale penye unabonyezaka."

Walingoja. Merikebu ilichelewa. Guylain alitoka kukojoa, akarudi. "Haikuye hii kintu."

"Itakuya," akasema Masengo. Kwao ni mji ambao watu wamelala juu ya magunia siku nne wakisubiri treni, na treni ikafika, na hakuna aliyeshangaa.

Dari lilifunguka. Taa nyeupe ikamwagika juu ya askari wake, na merikebu ikashuka taratibu kupitia mahali palepale alipokuwa anaangalia kwa roho ya kwanza. Watu walipiga mayowe hadi wauza sandali wa nje wakachungulia. "Vidye wami!" akalia mmoja kwa Kiluba, akimwita Mungu wake. Maandishi yakajaa kwenye televisheni, mistari minne, na mkono wa Guylain ukaruka kwenye manette kwa mazoea.

Masengo aliupiga kofi. "Usiguse. Niko nasoma."

Wakasimama. Wanaume kumi na mmoja, macho yanatoka machozi kwa moshi, walimngoja muuza vitumbua amalize mistari minne, mguu mmoja kwanza, halafu wa pili.

"Balishukuru," alisema mwishowe. "Papa Ismaeli, kintu yangu njo barza."

Ismaeli alikohoa. "Kweli niliapa. Lakini, mutoto yangu, na ile moshi? Machine ita..."

Hakumaliza. Aliangalia mashine. Kwa muda wa karibu masaa mawili ilikuwa inafanya kazi, na moshi ule ungeweza kukausha samaki, na mashine ilikuwa inapumua polepole kama mtoto aliyeshiba. Taratibu, pamoja na wote, aliteremsha macho kwenye magoti ya Masengo.

Mama Djamila alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha matembele.

"Kitambaa yangu," alisema.

Guylain alijificha nyuma ya Jessé. Ismaeli ghafla aliona kandambili yake moja inahitaji kuangaliwa. Masengo alisimama, akakikunja kitambaa mara nne, akakitoa kwa mikono miwili, goti limeinama.

"Mama Djamila, unisamehe, nilikiazima. Nilipokishika njo nikawaza. Humu ndani banakiona hawa wanaume tu, na hawa habaangaliake kintu. Kingekuwa inje, juu ya beseni ya bitumbua, barabara yote ingekiona."

Mama Djamila aliwatazama wanaume, mmoja mmoja, na uso wake ukakubali sehemu hiyo.

"Bamama ba ku gare banapitaka pale?"

"Kila asubuhi, mama."

"Utakifua kila mposho. Na sabuni nyeupe. Na muntu akiuliza..."

"Nitasema nani alifuma."

Kwa hiyo mbabula ikabaki barzani, hatua mbili mbali na dirisha, kwa heshima ya macho ya wachezaji. Ismaeli alifuta chaki ya zamani akaandika Mlango wa Kumi. Huko mstari ni mrefu zaidi, na una neno ambalo hata Jessé hajalijua. Lakini Guylain habonyezi tena. Kidole kinamwasha, anageuka dirishani.

"Masengo! Ulishamaliza?"

"Bado, kaka. Ngoja kwanza bitumbua bigeuke."