Ngeli ya Baba

Lugha niliyoitunga ina msemaji mmoja, ambaye ni mimi, na ngeli mbili. Ya kwanza, yenye kiambishi ru-, ni ya vitu vinavyojiendesha: mtu, mbwa, mto. Ya pili, ke-, ni ya vinavyongoja kusukumwa: meza, jiwe, kabati. Nimeandika shajara kwa lugha hiyo miaka kumi na moja, kila nikitoka kazini ninakokata lenzi za miwani, na kanuni hiyo haijawahi kunisumbua.

Wiki tatu zilizopita baba alianguka bafuni. Tangu hapo hawezi kugeuka kitandani mpaka dada yangu amshike mabega, mimi miguu. Tangu hapo pia sijaandika. Kila sentensi inayomhusu inadai kiambishi, na kwa kanuni yangu mwenyewe chake sasa ni ke-. Nikimwandika ru-, nasema uongo. Nikimwandika ke-, nimemweka na kabati.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nazunguka chumbani kwake, daftari mkononi: dirishani, mlangoni, dirishani tena.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu," alisema baba. "Una nini?"

Nikamweleza yote; hapendi kufichwa.

"Kwa hiyo mimi kabati."

"Kisarufi tu, baba."

Dada, aliyekuwa akimnywesha supu, alicheka hadi ikamwagika. "Kaka, wewe wa kufungiwa! Mbona tunasema kiwete, kipofu, kama kiti na kijiko, na watu wanalala usingizi?"

"Tunasema kiwete amekuja. Hatusemi kimekuja."

Nilipolisema hilo nikaketi, nikafuta kanuni na kuandika nyingine: ru- ni ya chochote kinachoweza kukataa. Ushahidi ulikuwa mbele yangu. Baba alikuwa amefumba mdomo, kijiko hakipiti.

Nikamsomea. Alitengeneza pikipiki miaka arobaini, kwa hiyo hakukurupuka.

"Na pikipiki ikikataa kuwaka?"

"Hiyo namna ya kusema tu."

"Yako ni namna ya nini?"

Nikafuta tena. Karatasi ikatoboka.

"Sheria hiyo aliitunga nani?" akauliza.

"Mimi."

"Basi ilegeze. Mimi nikikaza skrubu vibaya sikuwa namwachia mteja hivyo hivyo."

"Nikiilegeza bila sababu, si sarufi tena."

"Haya, sema sentensi moja inayonihusu. Nataka kusikia nimewekwa wapi."

Nilikuwa sijawahi kuitamka lugha yangu mbele ya mtu. Nikasema, "Rusimo talen." Ile ru- sikuwa na kanuni yoyote ya kuitetea.

"Maana yake?"

"Baba amelala kitandani."

"Umekosea," alisema. "Sijalala. Nimelazwa."

Lugha yangu haina kauli ya kutendwa. Sikuwahi kuona haja yake: vya ru- vilitenda, vya ke- vilikaa. Nikavuta kiti karibu na kitanda, nikafungua daftari upande wa vitenzi, nikaanza kukitungia kauli hiyo cha kwanza.