Mkalimani wa Bwana Harlan

Nilimdharau Bwana Harlan tangu juma la kwanza, na sioni haya kulisema. Walifika Kakamega mwezi wa pili, mwaka 1994, yeye na mkewe Doris, wazee waliovuka miaka sitini na mitano. Kwao Marekani alikuwa muuza matrekta. Alipostaafu, kanisa lao likamtuma aje atufundishe sisi namna ya kuishi.

Mimi Gentrix nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaacha kazi kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Kanisa letu likaniomba niwe mkalimani wao na niwasaidie kuzoea mji.

Mji hawakutaka kuuzoea. Walipewa nyumba mtaa wa Milimani, yenye bomba na bustani, na jambo la kwanza Bibi Doris alilofanya ni kupanga kabatini makopo waliyokuja nayo. Nikasoma maandishi: maharagwe. Mtu amevuka bahari na maharagwe, anayaleta Kakamega! Mchana mvua ikanyesha kama inyeshavyo siku zote, na Harlan akasimama dirishani akinung'unika kana kwamba kuna ofisi ingeweza kuizima. Sokoni hakukanyaga. Akisalimiwa kwa mkono, alikuwa ananawa kwa spiriti kabla mgeni hajatoka langoni.

Mwezi wa tatu tukaanza kuzunguka makanisani. "Waambie uvivu ndio uliowafanya maskini," alisema siku moja kwa Kiingereza, mbele ya watu waliokata miwa wiki nzima.

Nikawageukia. "Mgeni wetu anasema Mungu anaiona bidii yenu."

"Amina!" wakaitikia. Harlan akatabasamu, akidhani maneno yake yamewachoma.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miezi mitatu. Yeye alimwaga pilipili, mimi nikaigeuza asali. Kisha Mwalimu Phineas, aliyekijua Kiingereza kuliko mimi na aliyekuwa akikaa kiti cha nyuma, akaningoja nje ya kanisa.

"Gentrix, wewe unamsitirianga huyu mzungu mpaka lini?"

"Unataka niwatukane wazee wangu kwa kinywa changu?"

"Matusi ni yake. Lakini wazee wako wanampigia makofi mtu anayewatukana, na anayewapigisha hayo makofi ni wewe."

Nilikwenda nyumbani nimemkasirikia Phineas, na ilipofika usiku nikajua niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Mwezi wa sita akafariki mzee Osiako wa Khayega, mkulima na mzee wa kanisa, mtu aliyesomesha watoto wa majirani kama wake. Harlan akaalikwa kuhubiri kwenye maziko. Tulipofika, boma lilikuwa limejaa. Ngoma za isukuti zilikuwa zikipigwa, vijana wakikimbiza mafahali kuzunguka uwanja kama ilivyo desturi anapoondoka mwanamume wa heshima, na wanawake wakilia kwa sauti. Harlan alitazama saa yake mara tatu kabla hajasimama.

Alisema, nami nikasikiliza hadi mwisho. Halafu nikavuta pumzi, nikatafsiri neno kwa neno.

"Anasema kelele hizi ni za washenzi. Anasema mtu mwenye imani halii hivi. Anasema mnachinjia umati ng'ombe na kanisa lenu halina hata madirisha, na marehemu angekuwa Mkristo wa kweli angewakataza."

Isukuti zilinyamaza moja moja. Harlan akangoja amina yake. Haikuja.

Mama Navalayo, mjane wa marehemu, alikuwa ameketi kando ya jeneza. Hakuinuka. "Gentrix, mwanangu, ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo, mama. Sijaongeza, sijapunguza."

"Basi na yangu usipunguze. Mwambie mimi namlilia mume wangu kwa sauti ili aliye mbali ajue hapa amelala mtu. Muulize, yeye akifia huku kwetu, nani atamlilia hata anyamazishwe?"

Nikamgeukia Harlan, nikamwambia kwa Kiingereza, neno kwa neno. Shingo yake ikawa nyekundu. "Umewaambia nini?" akaniuliza.

"Uliyosema. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Bibi Doris akafunika uso kwa mikono. Hakuna aliyewafukuza. Mama Navalayo aliagiza wapewe viti chini ya turubai na sahani za obusuma, ugali wetu, na nyama, sawa na wageni wengine, kisha akawapa kisogo. Ngoma zikaanza upya. Doris alikula kidogo kidogo, machozi yakimdondoka. Harlan hakugusa kitu, na hakuna aliyembembeleza.

Jumatatu niliachishwa kazi. Akatafutwa mkalimani mwingine, lakini habari zilikuwa zimefika mpaka Lubao, na kila aliyeulizwa alikuwa na mgonjwa nyumbani. Jumapili mbili Harlan alihubiri kwa Kiingereza, na watu wakatoka kwenda kuota jua katikati ya mahubiri. Kabla ya mwezi wa nane wakahamishiwa Nairobi. Kwenye nyumba ya Milimani akaingia afisa wa kilimo na familia yake.

Niliulizwa na wengi kama nilijuta. Ninajuta miezi mitatu ile ya asali. Wazee wangu waliitikia amina nyingi za uongo, na uongo ule ulitoka kinywani mwangu, si mwake.