Nyumba Inayorudi Nyuma

Saa tatu asubuhi mthamini wa nyumba alivua viatu, akaviacha mchangani mbele ya kizingiti, akaingia na futi kamba yake kwa mama mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi. Shangazi alitaka kuuza. Magoti yake yalikuwa yamegoma, na kule mlimani palikuwa na vyumba viwili visivyo na ngazi, ambavyo mwenye navyo alikubali kumshikia mpaka mwisho wa mwezi.

Mthamini alipima kutoka kizingitini mpaka kwenye maji. Mita mbili. Akafungua faili la mwaka juzi: mita mbili.

"Bahari yenu ina adabu, mama."

"Adabu gani, mwanangu? Imekula kisima, choo na banda la kuku. Nyumba ndiyo inayorudi nyuma."

Ilikuwa kweli. Tangu hoteli ya jirani ijenge ukuta wa zege ufukweni, mawimbi yaliyofukuzwa kule yalihamia kwa Shangazi. Kila yalipomega ardhi, nyumba ilijizoazoa kama bibi anayeinuka mkekani, ikasogea. Haijawahi kuvunja hata kikombe. Ila nusu yake ilikuwa imeshaingia uani kwa fundi cherehani, ambaye alisogeza meza yake tu, akasema mgeni aliyekuja kwa miguu yake hafukuzwi.

Mthamini aliandika: nyumba nzima, ina bidii. Kisha akafunua hati, akatafuta mawe ya mpaka. Yote manne yalikuwa baharini, kaa wamepanga bila kodi.

"Nyumba naiona," alisema taratibu. "Lakini bei inafuata kiwanja, na kiwanja chako kina samaki."

"Na hoteli?"

"Imepanda mara mbili. Ina ukuta."

Wimbi likamega tena. Nyumba ikakohoa vumbi, ikarudi hatua mbili. Chai ikatikisika vikombeni, haikumwagika. Mthamini alipotoka, viatu vyake vilikuwa vimebaki pale kizingiti kilipokuwa, na maji yalikuwa yanaondoka na cha pili.

Shangazi alimpa kandambili za marehemu mumewe. Zilimkaa sawasawa. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazivaa, akaandika sifuri, akagonga muhuri.

Alipokwisha kuondoka, Shangazi aliupapasa ukuta wa sebule.

"Twende polepole, mwenzangu," aliuambia. "Mlimani si mbali."

Nyuma ya nyumba, fundi cherehani alianza kukunja vitambaa.