Hariri, Pamba au Kitani

Binti yao aliposhusha ile mashine mpya ya mvuke mlangoni, Mama Vifungo alikuwa amebana sindano kwa meno, kwa hiyo kelele aliyotaka kupiga ilimkwama kooni. Angeweza kuitoa sindano, kweli. Lakini angesema nini? Mashine ilikuwa nzuri, ya kupigia pasi nguo zikiwa zimening'inia, na Dobi mwenyewe, mumewe, aliizunguka huku akiipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe, meno yote nje.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Ukipita pazia unakuta chumba cha kulala, na nyuma yake ua wa kuanikia. Kulia ilikuwa meza ya pasi. Kushoto, karibu na dirisha, kilikuwa kiti cha mke, ambaye kazi yake ilikuwa kurudishia vifungo vilivyong'oka na kuziba matundu. Ndiyo maana mtaa mzima ulisahau jina lake ukambatiza Mama Vifungo. Alivihifadhi vifungo kwenye makopo ya maziwa, kila rangi na kopo lake, na ukimletea shati lililopoteza kifungo kimoja atakitafutia pacha wake mpaka akipate. Mwanamke wa namna hiyo, jamani, hapendi kitu kitupwe.

"Sasa," binti akasema, mikono kiunoni, "hii meza ya zamani inatoka. Na haya matambara yote."

Akalivuta blanketi lililotandikwa mezani, lile zito la kijivu lenye alama za kuungua kila pembe. Chini yake likadondoka shuka lililokunjwa vizuri, rangi ya damu ya mzee.

"Na hili je? La mteja?"

Sindano ilimchoma Mama Vifungo mdomo.

"La mteja wa zamani," Dobi akasema, akiangalia pembeni. "Hakurudi kulichukua. Tupa tu. Ya nini sasa, hayo?"

Ya nini sasa! Mama Vifungo alitamani kukaa chini, halafu akakumbuka kwamba tayari amekaa.

Ili uelewe kilichomuuma, lazima turudi mpaka mwezi wa kwanza wa ndoa yao. Shangazi yake, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili, alimketisha kabla ya harusi akamwonya: ukiingia mwezini, mwanangu, jitenge. Usimguse mumeo, usimwambie, wanaume hawana haja ya kujua hayo. Bibi harusi akashika kama alivyofundwa. Siku zake zilipofika alichukua mto, akahamia dukani, akajikunja kwenye mkeka chini ya dirisha, tumbo likimsokota.

Dobi wakati huo alikuwa kijana aliyelelewa na baba na kaka watupu. Alijua kwamba doa la damu kwenye shati linatoka kwa maji baridi, ukilitia maji moto umeliharibu. Lakini ukimuuliza mwanamke anapitia nini kila mwezi, loo, hapo alikuwa mweupe kabisa. Alichoona yeye ni kwamba mke kamhama. Akakosa raha. Akachungulia penye pazia, akarudi; akachungulia tena. Mwisho akapiga moyo konde, akaja kuchuchumaa pembeni ya mkeka.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi kwa nini umenihama?"

"Tumbo," akajibu, akageukia ukutani. Zaidi ya hapo shangazi alishamfunga mdomo.

Dobi hakuwa na maneno, lakini pasi alikuwa nayo. Akaiwasha, akalitoa blanketi mezani, akalikunja, akalipasha moto taratibu. Akalijaribu kwanza kwenye shavu lake mwenyewe lisije likaunguza, halafu akalilaza chini ya kitovu cha mkewe, juu ya gauni. Likianza kupoa, analirudisha penye pasi. Akamkanda hivyo hivyo mpaka mwili ukalegea, kisha akajilaza nyuma yake pale pale kwenye mkeka, mkono juu ya blanketi, hadai chochote. Mama Vifungo akaanza kulia. Dobi akaruka akidhani amemuunguza. Basi ikabidi amweleze yote tangu mwanzo, akiwa amempa mgongo kwa aibu, naye Dobi akauliza maswali ya kijinga, moja baada ya jingine, mpaka wote wawili wakaangua kicheko cha kushika mbavu.

Mkeka ukakunjwa. Shangazi hakuambiwa kitu.

Sasa ile pasi ilikuwa na gurudumu dogo la kuzungushia moto, limeandikwa majina ya vitambaa. Hariri moto mdogo, pamba moto wa kutosha, kitani moto mkali. Dobi alikuwa na haya, hawezi kuyataja mambo ya chumbani hata ukimwekea kisu shingoni, kwa hiyo akayapitishia hapo. Siku za mkewe zikifika, akiwa analipasha blanketi, atauliza bila kugeuka:

"Leo hariri, pamba au kitani?"

Hariri ilikuwa na maana ya nikande tumbo, unyamaze, na hiyo mikono yako isitembee. Pamba ni nisugue mgongo na kiuno, na unipigie soga. Na kitani... mh. Watu wazima mmeelewa. Kuna miezi mwili wa Mama Vifungo uliwaka siku zile zile ambazo shangazi alisema umezima, naye akaogopa kwamba ana kasoro. Alibeba hofu hiyo kimya kimya, hadi alipomuuliza mkunga wa zahanati, na mkunga akacheka vizuri tu, akamwambia wapo wanawake wengi wa hivyo, na wapo wasiotaka hata kuguswa, na wote ni wazima. La muhimu ni wawili kukubaliana na kujihadhari kama siku nyingine. Alirudi nyumbani anatembea kama msichana.

Ndipo lile shuka lilipopata kazi. Mteja aliyeliacha hakuonekana tena, na rangi yake ilikuwa inasamehe kila kitu. Kesho yake Dobi alilifua mwenyewe kwa maji baridi, akiimba kwa pua, na majirani wakiliona kwenye kamba walidhani ni pazia la mtu.

Hata wakigombana, aliuliza. Ipo siku walinuniana tangu asubuhi kwa ajili ya kola ya mteja iliyoungua, hakuna anayemtazama mwenzake. Walipofunga duka, Dobi akauliza swali lake kwa sauti ya hakimu. "Hariri," akajibiwa kwa sauti ya mshtakiwa. Akakanda, ugomvi ukafia hapo hapo. Ndivyo walivyoishi, wakapata mtoto, wakaota mvi, na maandishi kwenye gurudumu la pasi yakafutika kwa kushikwashikwa.

Halafu hedhi ikakoma. Haikukoma kwa ghafla; iliruka mwezi, ikarudi, ikaruka tena, ikawa kama mgeni anayeaga mlangoni asiondoke, mpaka siku moja ukagundua ameshaondoka. Mama Vifungo alidhani atafurahi. Tumbo limepona, kufua kumepungua, nini tena? Kumbe ilikwenda na lile swali. Dobi hakuuliza tena. Akilala, alilala upande wake, na mkewe upande wake, na katikati ungeweza kupitisha mkokoteni. Mama Vifungo akawa anapandwa na joto usoni mchana kweupe, jasho linamtiririka juu ya shati la mtu, likishapita anajifuta na kuendelea na kifungo chake. Hakumwambia mtu. Aliyatamani yale maumivu, mwajua? Mtu mzima na akili zake, anatamani kuumwa tumbo! Siku moja alijisingizia. Alijishika tumbo, akaguna vizuri kabisa, naye Dobi akatoka mbio akarudi na dawa ya minyoo. Msicheke. Aliinywa.

Kwa hiyo Dobi aliposema "ya nini sasa," mkewe alisikia swali jingine: na wewe je, wa nini sasa? Alitoa sindano mdomoni, akainuka, akampokonya binti blanketi na shuka.

"Mama, hayo ni matambara!"

"Ni yangu."

"Utayafanyia nini?"

"Nimesema ni yangu. Nenda kwa mumeo."

Binti alimtazama baba yake, baba akatazama mashine. Alikuwa mtoto mwenye akili. Akabeba mkoba wake, akasema atarudi na mtu wa kuichukua meza, akaondoka. Mama Vifungo hakungoja hata hatua zake zipotee barabarani. Aliuvuta ule mkeka wa zamani nyuma ya makopo, akautandika chini ya dirisha, akajilaza amekumbatia blanketi, uso ukutani. Jua la mchana lilimpiga mgongoni. Roho ilimuuma hasa, na hakujali tena nani anaona.

Dobi alisimama pale kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Halafu akaufunga mlango, akageuza kibao kinachosema TUMEFUNGA, akaja kuchuchumaa. Magoti yakalia.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi kwa nini umenihama?"

Safari hii Mama Vifungo aligeuka. "Mimi nimekuhama? Mimi? Wewe ndiye uliyehama, bwana wee! Umehama ukiwa kitandani. Bora hata mimi nimechukua mkeka, watu wakaona."

 Dobi alikaa kabisa sakafuni, maana magoti yalikuwa yamechoka.

"Ile siku," akasema, "ile uliyompa binti pakiti za pedi zilizobaki. Alipoondoka nilikuona nyuma ya pazia unalia. Nikasema moyoni, mke wangu anazililia siku zake. Sasa mimi nije na swali langu la hariri na pamba, si nitakuwa nakutonesha? Nikaona ninyamaze mpaka upoe. Halafu kunyamaza kukazoeleka."

"Na ndiyo ukasema shuka litupwe."

"Ulitaka nimwambie mtoto ni la nini?"

Mama Vifungo alijizuia, lakini wapi. Kicheko kilimponyoka na machozi pamoja, akajifuta yote mawili kwa pembe ya blanketi.

"Nilikuwa nakulilia wewe, mzee," akasema. "Siku zenyewe ziende zao, nani anazitaka? Nililia kwa sababu nilijua hutaniuliza tena. Na kweli hukuniuliza."

 Dobi alilichukua blanketi mikononi mwake, akajiinua kwa kushika ukingo wa dirisha, akaenda mezani. Ile pasi ya zamani ilikuwa imewekwa chini tayari kwa kutupwa. Akaiokota, akaifuta kwa mkono wa shati, akaichomeka. Akalikunja blanketi vilevile kama zamani, akalipasha taratibu, akalijaribu kwenye shavu lake, ambalo sasa lilikuwa na mvi. Mkewe alimwona analirudia shavuni mara ya tatu. Akajua naye ana hofu.

"Leo," akauliza bila kugeuka, "hariri, pamba au kitani?"

Ee bwana. Mwanamke aliyelingojea swali hilo usiku na mchana, limefika, na sasa yeye ndiye aliyeshikwa na kigugumizi. Kwa sababu jibu analo, lakini lina mkia. Angeweza kusema hariri, yakaisha salama. 

"Kitani," akasema. "Ila si kama zamani, mume wangu. Mwili umekauka. Nilipojaribu mara ya mwisho kuwa nawe paliniuma, nikakuficha. Nikasema ukijua utaniona nimekwisha."

Dobi akageuka. Katika maisha yao yote hakuwahi kugeuka swali hilo likiwa hewani. Uso wake ulikuwa ule wa kazi, ule anaouvaa mteja akimletea kitambaa kigumu akimwomba asikiharibu.

"Kitani kikavu nani anakipiga pasi?" akasema. "Kinanyunyiziwa kwanza. Unakikunja, unakiacha kilainike, unakirudia baadaye. Kisipolainika siku hiyo, unakingoja. Mimi kazi hii nimeifanya maisha yangu yote. Lini uliniona nina haraka?"

Mama Vifungo akajisogeza, akaacha nafasi kwenye mkeka.

"Na kesho tutakwenda zahanati," Dobi akaendelea, masikio yamemwiva. "Wana dawa za kulainisha, za hali hiyo. Nimewahi kusoma bango lao ukutani."

"Umesoma lini?"

"Nilisoma tu."

"Na utamwambia nini yule muuguzi? Utamuuliza mambo ya kitani?"

"Nitayataja kwa majina yake. Mtu mwenyewe nimeshazeeka, haya za nini?"

Mlango ukagongwa. "Dobi! Nimefuata suti yangu!"

"Tumefunga!" wakapiga kelele wote wawili kwa pamoja.

"Mbona nasikia watu ndani?"

"Kesho!" Dobi akajibu. "Iko tayari, lakini kesho!"

Mteja akaondoka akinung'unika. Dobi akaja na blanketi, akapiga magoti penye mkeka kwa shida, akalilaza chini ya kitovu cha mkewe na kuuweka mkono wake juu. Mama Vifungo akafumba macho. Tumbo halikuwa likimuuma hata kidogo, na blanketi lilikuwa la moto vilevile.