Anayetua Kikapu

Siku ile mjinga alikuwa Masinde, na ukimuuliza hata leo hakatai. Huongeza tu kwamba shambani palikuwa na mjinga mwingine mwenye farasi na kofia, ila huyo hakuna aliyemwomba akiri.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, saa sita mchana, kwenye shamba moja la mzungu huko juu Dundori. Wachumaji wa pareto, wanawake arobaini, walikuwa foleni ya mizani, kila mmoja na kikapu cha maua mgongoni. Masinde ndiye aliyekuwa mpimaji. Alipachika kikapu kwenye ndoano, akasoma ratili, akaandika kwenye tiketi yake ya kazi, na kila mama alipata neno lake. Mmoja alimuuliza ameficha mawe mangapi chini ya maua. Mwingine alimwambia kikapu chake kimenona kuliko mumewe. Walicheka wote, maana ukimnunia mwenye mizani, ratili hupungua.

Masinde alikuwa na sheria yake: anayetua kikapu chini anarudi mwisho wa foleni. Aliitunga kwa mzaha wiki ya kwanza, wanawake walipokuwa wakikaa kivulini na foleni ikapinda kama njia ya mbuzi. Mzaha ule ulinyoosha foleni, naye akauacha uendelee. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alibeba magunia Njoro miaka sita kabla ya kupewa mizani, na mabega yake yalikuwa bado yanakumbuka.

Chepkorir alikuwa wa ishirini na kitu kwenye foleni. Alikuwa amejifungua wiki saba zilizopita, kwa taabu na damu nyingi, na mtoto alikuwa kwa wifi yake kule kwenye nyumba za wafanyakazi. Alikuwa amesimama zaidi ya saa nzima. Akaomba atue kikapu kidogo tu. Alisema masikio yanalia, na akimtazama Masinde anaona giza.

"Giza ni langu, mama," Masinde akamjibu. "Nilizaliwa nalo. Simama."

Foleni ikacheka. Chepkorir naye alitabasamu kidogo, kisha akaanguka, na maua yakamwagika juu yake.

Masinde alidhani ni mchezo. Aliamuru wanawake wawili wamwinue, mmoja kwapa hili na mwingine lile, naye akawa anampiga mashavuni akimwambia asimame. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kichwa kililegea, macho yakageuka meupe, mikono ikaanza kurukaruka. Masinde akaruka nyuma, na neno likamtoka kabla hajalitafuna.

"Kifafa."

Meneja, ambaye watu walimwita Bwana Saa kwa vile hakuachana na saa yake ya mfukoni, alikuwa juu ya farasi hatua kumi kutoka pale. Alilisikia. Mwaka uliotangulia mtu mwenye kifafa aliangukia tanuri la kukaushia maua, na tangu siku hiyo mwenye ugonjwa huo hakukaa shambani hata wiki. Alitolewa yeye, mume, watoto na kuku wao. Bwana Saa alitoa daftari, akauliza jina la yule mwanamke, akaandika.

Wale wawili walipochoka wakamlaza chini. Haikupita dakika, Chepkorir akafungua macho, akauliza nani amemwaga maua yake.

Nabalayo, mchumaji mzee kuliko wote, alimsindikiza hadi kibanda cha dawa. Masinde alifuata nyuma kama aliyeiba. Hezekiah, dresa aliyetibu wagonjwa wa shamba, hakuwa mtu wa mizaha. Alivuta chini kope la Chepkorir; ndani, palipotakiwa kuwa pekundu, palikuwa na rangi ya uji. Alisikiliza moyo kwa muda mrefu, akasema ni mzima. Ungekuwa na kasoro angempeleka hospitali ya Nakuru siku ile ile. Akauliza kama alijing'ata ulimi au alijikojolea. La. Alipozinduka alijua yuko wapi? Alijua, hata maua yake aliyadai. Alikula nini asubuhi? Chai ya rangi.

Basi si kifafa, akasema Hezekiah. Amezimia. Damu alishapoteza nyingi kwenye uzazi, na tumbo ni tupu. Ukisimama wima bila kusogea, tena juani, damu inateremka miguuni na kukaa huko, kichwa kinabaki na njaa. Ndiyo masikio yanalia, macho yanaingia giza, jasho linatoka. Mwili ukiona hivyo unajiangusha, ili damu ifike kichwani bila kupanda mlima. Aliyezimia hulazwa chali na miguu ikainuliwa. Na anayesikia kizunguzungu akae chini kabla hajaanguka.

Masinde aliuliza kwa sauti ndogo ile mikono ilikuwa inarukaruka kwa nini.

"Kwa sababu mlimwinua," dresa akasema. "Mwili ulikuwa unajitibu, wewe ukauzuia."

Alimpa Chepkorir vidonge vya chuma vya kuongeza damu, akamwambia ale maharagwe na mboga. Nabalayo akamkumbusha kwamba posho ni unga mtupu. Hezekiah akaandika karatasi kwamba si kifafa, akamkabidhi Masinde ampelekee meneja, kwa vile aliyelisema neno ndiye wa kulirudisha.

Njiani Masinde alijipangia maneno. Angekiri yote, hata sheria yake, na kama ni kufukuzwa, afukuzwe. Bwana Saa alisoma karatasi akiwa amesimama kwenye veranda, akauliza kwa nini huyo mwanamke alisimama muda wote huo na kikapu.

Masinde akamweleza sheria.

"Nani nafanya hii sheria?"

"Mimi, Bwana."

Bwana Saa alimtazama mara ya kwanza kama mtu. "Sheria mzuri sana," akasema. "Foleni iko sawa. Kila siku fanya hii." Kisha akalikata kwa mstari jina la Chepkorir daftarini. "Leo yeye nabaki. Yeye anguka tena, yeye toka shamba."

Kiboko angekipokea na angelala usingizi. Ile sifa hakujua aiweke wapi.

Saa kumi foleni ya jioni ilipangwa tena. Bwana Saa alikuwa juu ya farasi wake kando ya uzio, anatazama ile sheria mzuri. Chepkorir alirudi na kikapu, maana tiketi ya nusu siku haihesabiwi. Masinde alipima bila neno kwa mtu. Kila alipoinua macho alimwona Chepkorir: kwanza alipiga miayo, kisha midomo ikapauka, kisha jasho likamtoka kwenye paji la uso. Safari hii alijua anachokiona. Neno moja tu lingetosha. Alimtazama Bwana Saa, akainamia mizani, akanong'ona, "Jikaze, mama."

Nabalayo ndiye aliyetua kikapu. Alimshika Chepkorir mkono, akamlaza taratibu, akampandisha miguu juu ya kikapu, kisha akakaa kando yake. Wa nyuma yao akakaa. Wa nyuma yake naye. Foleni nzima ikashuka hadi mwisho, vikapu vimepangwa kwa mstari ulionyooka.

Farasi akaanza kuja.

"Kina mama, simameni," Masinde akasema, "mnamponza huyo dada. Bwana amesema akianguka anatoka. Nimwambie nini?"

Nabalayo alikuwa anampepea Chepkorir kwa leso, wala hakugeuka.

"Mwambie hakuna aliyeanguka. Tumekaa."