Kadi ya Ndege Isiyo na Rubani

"Mabibi na mabwana, mgeni rasmi, walimu na wanafunzi watukufu! Leo, saa nne na robo asubuhi, shule hii inaingia rasmi katika zama za anga!"

Mwalimu mkuu alitamka hayo kwenye kipaza sauti, akanyoosha mkono juu, akasubiri. Zama za anga hazikuingia. Nyuma ya jukwaa mwanamke mwenye viatu vya mpira alikuwa amepiga magoti kwenye majani, ndege ya kamera ameikumbatia ndani ya sweta kama kuku anayeatamia.

Mtaani kwao walimwita Rubani. Ulikuwa utani, maana kazi yake ilikuwa kurusha ile inayoitwa ndege isiyo na rubani. Leseni aliihangaikia miaka mitatu, na shangazi yake aliyemlea aliuza cherehani ili asome. Tangu hapo shangazi alishona kwa mkono, na mteja aliyelalamikia mshono alijibiwa, "Nivumilie, mwanangu yuko angani."

Sweta lilikuwa na sababu yake. Ndege hizo zina ubongo, kibao kidogo kuliko kiberiti, kinachohisi ndege imeinama upande gani na kuamua kila panga lizunguke kwa kasi gani. Ubongo wa hii ulikuwa umeng'olewa kwenye ndege nyingine iliyoanguka, ukachomelewa nyaya upya, ukalazwa juu ya kipande cha sponji ya kuoshea vyombo ili usitetemeke. Ukiwa baridi ulidhani umelala ubavu. Ukipata joto, kumbukumbu ilirudi. Rubani alishaandika barua tatu za kuomba mpya. Mkurugenzi wa kampuni iliyomwajiri alizijibu zote kwa mpigo: alimpa sponji ya pili.

Taa ikawaka nyekundu. Maana yake ni kwamba ubongo umejikagua na haujiamini. Rubani akaiinua ndege kwa mikono miwili, akaizungusha, akaipindua kichwa chini, naye akizunguka juu ya visigino ili dira itafute kaskazini. Wanafunzi mia sita wakadhani tamasha limeanza. Wakampigia makofi ya ngoma.

Taa ikabaki nyekundu. Simu ikalia.

"Mbona siioni juu?" Ni Mkurugenzi, safu ya mbele, kando ya mgeni rasmi, kaziba mdomo kwa kiganja.

"Bosi, imekataa. Taa ni nyekundu."

"Dada yangu, wewe ni rubani au askari wa barabarani? Zima ukaguzi."

"Nikizima itaruka hata kama ni mgonjwa. Ikizingua huko juu mimi siwezi..."

"Mgeni rasmi ana mkutano saa sita. Getini kwangu wamekaa vijana kumi juu ya matofali, leseni mkononi. Nimpigie yupi?"

Akazima ukaguzi. Taa ikawa kijani, kama mtu aliyeambiwa acheke.

Kwa sekunde arobaini na moja ndege ilikuwa malaika. Ilipanda juu ya bati jipya la maabara iliyokuwa inazinduliwa, ambayo ndani ilikuwa na meza ishirini na juu ya meza hamna kitu. Kisha mlio ukakatika ghafla. Vidole vya Rubani vilikuwa vimetulia tuli kwenye rimoti. Akasukuma vijiti, havikusukuma chochote. Kilo tatu zikaanguka kama tofali kuelekea mlango wa jiko, ambako mpishi alikuwa ametoka kutazama. Zikamvunja mtulinga.

Wanafunzi walicheka kwanza. Halafu sauti ya mpishi ikawafikia.

Alasiri afisa wa leseni alifika na fomu. Sehemu ya sababu ilikuwa na visanduku viwili: kosa la mrushaji, na hali ya hewa.

"Cha kifaa kiko wapi?" Rubani aliuliza.

"Mama, kifaa hakina leseni. Nitamfungia nani?" Afisa akamgeukia mwalimu mkuu. "Hali ya hewa?"

"Shwari kabisa," alijibu mwalimu mkuu kwa fahari, kana kwamba aliipika yeye.

"Ule ubongo unaandika kila kitu kwenye kadi," Rubani alisema. "Mkono wangu ulikuwa wapi, umeme umekatika sekunde gani. Someni kadi."

"Ilete. Nakupa siku tatu."

Kadi yenyewe ilikuwa sawa na ukucha wa kidole cha mwisho, na ndege ilipopasuka ilichomoka. Siku tatu Rubani alitambaa nyuma ya jiko, akichambua majani shina kwa shina. Siku ya tatu Mkurugenzi alikuja, akasimama kivulini.

"Hata ukiipata, mdogo wangu, nani ataisoma? Saini yaishe. Mimi sisahau watu."

"Na mpishi?"

"Ameambiwa alete mtu wa kumshikia mwiko. Asipompata, basi."

Rubani alisaini kisanduku cha kosa la mrushaji. Afisa akaitia leseni kwenye mashine ya kutobolea karatasi, tundu likapita katikati ya picha.

Nyumbani shangazi aliigeuza, akachungulia tunduni. "Walishindwa kutoboa pembeni?"

Nilikuwa nimeishia hapo kuandika, na kwa kweli nilijipongeza. Ila mama mlezi wa bweni alizikuta karatasi hizi chini ya godoro langu, akazisoma zote akiwa amesimama. Ya sponji na ya shangazi hayakumshangaza. Rubani aliyasimulia getini kwa kila aliyekuwa na masikio.

"Sekunde arobaini na moja," alisema mama mlezi. "Vidole vimetulia. Hayo nani kakuambia, mwanangu?"

Nikasema nimebuni. Akaniwekea kidole juu ya mstari huo.

Basi nikasema. Kadi niliiokota mimi, wakati kila mtu anamkimbilia mpishi. Nilidhani ina picha za walimu wakisinzia jukwaani, nikaona bweni litacheka wiki nzima. Nikaikuta ina mistari ya namba, na kufika ya mwisho nilikuwa nimeelewa kwamba kosa si la Rubani. Lakini niliisomea kwenye simu, na kwetu ukikutwa na simu unafukuzwa siku hiyo hiyo. Nikasubiri Rubani asaini, ili kadi isiwe na haja tena.

Mama mlezi akasogea dirishani. Nyuma ya jiko majani yalikuwa yameshafyekwa na kurundikwa, na Rubani alikuwa amepiga magoti mbele ya rundo, akilipepeta kwa ungo wa kuazima.

"Wiki ya nne hii anaitafuta," alisema mama mlezi. "Vaa viatu ukampe. Ya simu tutajua baadaye."

"Hakuna kitu ndani, mama."

"Vipi hakuna?"

"Nilifuta. Nafasi ilikuwa ndogo."

"Nafasi ya nini?"

"Nyimbo," nikasema.